Kisanduku cha Nne

Murhula amefika na karatasi yenye mihuri mitatu,
ameifunga ndani ya nailoni kama cheti cha ubatizo.
Nchi yake, ile iliyompa pasi na miwani na kikohozi cha baridi,
imepaka Bukavu rangi nyekundu kwenye ramani.
Mimi nafua mapazia tangu Jumatatu, sijauona huo wekundu,
isipokuwa udongo wa Kadutu
ulionata kwenye pindo la kitenge baada ya mvua.

Si marufuku kuja, ananieleza.
Ni marufuku kuja bila sababu.
Na sababu wamezipanga kwenye fomu, kila moja na kisanduku chake.

Cha kwanza: mzazi, mke, mtoto wa kuzaa.
Akaniandika hapo: mama mdogo.
Wakamuuliza, mdogo kwa vipi?
Akasema, mdogo wake mama.
Wakasema, basi si mama.
Nilicheka mpaka sambaza zikaungua.
Mimi, niliyemnyonyesha pamoja na Cishugi wangu,
huyu kushoto, huyu kulia,
mwaka ule tulipompeleka dada makaburini Ruzizi.
Huko kwao mama hana mdogo. Maskini.

Cha pili: mazishi, yasiwe yamepita majuma mawili.
Ya dada yamepita miaka thelathini na mmoja.
Cha tatu: biashara.
Murhula hawezi kuuza hata kiberiti gizani.

Cha nne: utafiti.

Ndiyo maana ameketi jikoni kwangu na daftari,
lazima arudi na kurasa ishirini zilizojaa.
Nikamwambia, jaza uongo, nani atakuja kuhakiki?
Akanitazama kama niliyemtukana.
Hataki kuidanganya serikali yake.
Nilimlea hivyo; kosa ni langu.

Pale darajani afisa wetu aliisoma karatasi juu hadi chini,
akaigeuza, akasoma na upande usio na kitu.
Umezaliwa wapi?
Kadutu.
Sasa unatafiti nini usichokijua?
Akagonga muhuri wa nne.

Swali la kwanza: maji hufika nyumbani mara ngapi kwa juma?
Andika, hufika yakitukumbuka.
Hapana mama, nataka namba.
Basi andika mbili, na moja ya usiku wa manane
ambayo anaisikia mwenye masikio.

Swali la sita: kaya ina watu wangapi?
Sita.
Akahesabu kwa kalamu: mimi, Cishugi, wajukuu wawili.
Wanne, mama.
Nimesema sita.
Mtafiti gani anabishana na mwenye nyumba?
Kalamu ikasimama. Mvua ikapiga bati.
Halafu akaandika, polepole, tarakimu yenye tumbo.

Jumatano tulipanda makaburini, yeye na futi ya fundi cherehani,
maana hata huko alitaka kwenda kihalali.
Akapima urefu wa kaburi. Akapima upana.
Akapima umbali hadi kaburi la jirani, ambalo limeanza kuingia kwetu,
watu wamebanana pale chini kama sisi huku juu.
Futi ikaisha kabla ya kipimo kuisha.
Akabaki ameshika ncha yake, amechuchumaa,
wala hakuandika kitu ukurasa ule.
Nikajifanya nang'oa magugu.

Leo ni siku ya saba, gari la kwenda mpakani linapiga honi barabarani.
Imebaki karatasi ya mwisho, ya mhojiwa kutia sahihi.
Jina: Nankafu.
Kazi: nikaandika nauza sambaza, na mengineyo.
Uhusiano na mtafiti: usiwepo.

Nimeisoma mara mbili, bila miwani na kwa miwani yake.
Mikono yangu ilikuwa imetoka kumfungia samaki wa njiani,
gazeti mbili, majani ya mgomba juu.
Penye jina nimeandika jina.
Penye uhusiano sikuandika.
Nilipoishika karatasi kumrudishia,
kidole gumba kilikaa hapo hapo,
kikaacha mafuta.